Kichwa kinauma nyumba yote? Angalieni bomba ya moshi

Ukurasa wa fundi wa nyumba

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo lenye watu wengi wanahesabu kuwa kelele tu: bomba ya moshi yenye kuvuja, ile mafundi wanaita eshapema.

Katika miji yetu ya migodi, gurupe iko fasi yote: nyuma ya butike, ku fasi ya kunyoa nywele, mu lupango ya jamaa, pembeni ya kanisa wakati korale inajifunza nyimbo usiku. Umeme ukikatika, mutu anavuta kamba, motere inaamuka, taa zinawaka, kila mutu anafurahi. Kiisha siku moja mulio unabadilika: tak-tak-tak-tak. Mama anaambia bwana yake: "Papa, sikia, gurupe haiko inalia kama jana." Papa anajibu: "Eh mama, ni kelele tu. Taa si inawaka? Tutafunga na waya."

Musifunge na waya. Ule mulio ni moshi wenye kutokea fasi yenye haupaswi kutokea, na moshi ule unaweza kuingia fasi watoto wanalala.

GAZI YENYE HAIONEKANI

Motere yote yenye kuchoma esanse ao mazutu inatosha gazi yenye kuitwa monoksidi ya kaboni. Gazi hii haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Ile harufu munasikia karibu na gurupe ni ya vitu vingine vya ndani ya moshi. Kwa hiyo mutu asiseme: "Sisikie harufu, basi hakuna hatari."

Ukiivuta, inaingia katika damu na kukamata fasi ya oksijeni, ile hewa inatuwezesha kuishi. Inashikamana na damu kwa nguvu yenye kupita ya oksijeni mara zaidi ya 200. Ndiyo sababu hata kidogo tu, ikivutwa saa nyingi, inalemeza mutu. Katika sehemu milioni 1 za hewa, sehemu 1,600 za gazi hii zinaleta kuumwa kichwa na kizunguzungu katika dakika 20 tu, na zinaweza kuua mbele ya saa 2 kuisha. Mama mwenye mimba, mutoto mwenye kuwa tumboni na watoto wadogo ndio wako katika hatari kubwa kuliko wengine.

Watu wa migodi wanaijua tangu zamani. Mwaka 1896 mugodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, katika inchi ya Wales, ulilipuka. Munganga John Scott Haldane alipopima maiti, alikuta kwamba wengi hawakuuawa na mulipuko wenyewe, lakini na gazi hii. Alishauri wachimbaji wabebe ndege wadogo ndani ya mugodi, sababu ndege anaanguka mbele ya mutu. Uingereza ilitumikisha ndege hao mupaka katika miaka ya 1980. Sisi nyumbani hatuna ndege wa kutuonya. Tuko na masikio ya kusikia mulio, na macho ya kuona masizi.

SI KILA KICHWA NI MALARIA

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Gazi hii inaleta kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika, ulegevu na usingizi muzito. Jamaa inasema mara moja: "Ni malaria." Wanatafuta dawa, wanameza, wanarudi kulala mule mule ndani, na gurupe iko inaunguruma nyuma ya dirisha.

Mujiulize mambo haya. Je, watu wengi wa nyumba wameshikwa pamoja, saa moja ile ile? Je, kichwa kinaanza kiisha kuwasha motere? Je, mukitoka inje kwenye hewa safi munasikia afazali? Je, mwili hauna moto? Kama jibu ni ndiyo, zimeni motere, tokeni wote inje, kiisha muende hopitali. Musingoje asubui. Hata kama mwili uko moto, muende: munganga ndiye atapima malaria, si sisi.

SABABU GANI BOMBA INAVUJA

Motere inatetemeka saa yote, na kutetemeka kunalegeza mabulo. Tena chuma kinapata moto, kinapoa, kinapata moto tena. Kinafunguka na kujikaza mupaka kinapasuka. Kutu inakula mukebe wa kupunguza mulio kutokea ndani, ukiona rangi inje ingali nzuri. Na kile kifungio chembamba chenye kukaa kati ya motere na bomba, mafundi wanakiita joani, kinaungua pole pole.

Wenye kubeba motere juu ya gari, kama wasudere na watu wa komprese, wako na shida ingine. Motere inakaa juu ya mipira, inacheza. Lakini bomba yake wameikaza na mabulo ku mwili wa gari, haichezi. Moja inavuta huku, ingine inakataa, na bomba inapasuka paka pale ilipoungwa. Hata kule Marekani, kwenye watu wanatumika na gari zenye kubeba mashini ya kusafisha mazulia, ugonjwa ni huu huu. Ukiunga tena ule ufa bila kuweka kipande cha bomba chenye kupindika, na bila kushikiza bomba vizuri, utarudi kwa musudere kiisha siku kidogo. Na kama motere iko ndani ya gari yenye kufungwa, moshi wenye kuvuja unaingia kwa mwenye kuendesha.

KUTAFUTA FASI YENYE KUVUJA

Motere ikiwa baridi, angalia fasi zote za kuunganika. Masizi meusi yenye kutawanyika kama unyoya pembeni ya bulo ao ya joani ni alama ya kwanza. Kiisha changanya sabuni na maji. Weka gurupe inje, washa, na mara moja, mbele bomba haijapata moto, pakaa maji ya sabuni na burosi ya mukono murefu. Penye povu inatoka, ndipo inavuja. Usifanye hivi motere ikiisha kupata moto: maji yatachemuka, utaungua. Sikiliza pia: mara nyingi tak-tak inasikika sana motere ingali baridi, kiisha inapungua, kwa kuwa chuma chenye moto kinajinyoosha na kuziba ufa. Fundi akikuambia "imepona yenyewe", usimwamini.

KUTENGENEZA

1. Zima motere, iache ipoe kabisa. Bulo zenye kutu uzipakae mafuta, ungoje, kiisha ufungue pole pole. Bulo ikivunjikia ndani ya motere, garama inaongezeka.

2. Tosha joani ya zamani yote, bila kuacha kipande. Joani za zamani sana zinaweza kuwa na amianti, na vumbi lake linaharibu mapafu. Basi ulowanishe na maji kwanza, usikwaruze kikavu.

3. Weka rula ya chuma juu ya uso wa bomba. Kama mwangaza unapita chini yake, uso umepinda. Unyooshwe mbele ya kufunga, ao joani mupya nayo itaungua.

4. Nunua joani ya kazi hiyo, yenye kuvumilia moto. Joani ya kukata mu karto ao mu shambere ya gari haifiki mbali.

5. Kaza mabulo kidogo kidogo, moja huku, moja kule, ili zote zikaze sawasawa. Washa motere mupaka ipate moto, zima, iache ipoe, kiisha ukaze tena. Watu wengi wanasahau mara hii ya pili, na kuvuja kunarudi.

6. Bomba yenye ufa ipelekwe kwa musudere, ikiisha kutoshwa ku motere, mbali na tanki ya esanse. Tena usitumikishe bomba ya maji yenye kupakwa zinki. Moto wa kusudere unatosha moshi wa zinki, na mwenye kuuvuta anatetemeka na kuwa na homa usiku.

Bati ya mukebe wa maziwa na waya si dawa. Inapunguza kelele, gazi inaendelea kutoka. Hiyo ni mubaya zaidi, sababu sasa hakuna mulio wa kuwaonya.

BOMBA MUZIMA NAYO INAUA

Mukiisha kutengeneza, musijidanganye. Bomba yenye kuwa muzima inapeleka moshi fasi moja; haiutoshi sumu. Motere ya mazutu inatosha gazi hii kidogo kuliko ya esanse, lakini fasi yenye kufungwa nayo inaua. Kwa hiyo gurupe ikae inje, metre 6 ao zaidi kutoka nyumba, na bomba ielekezwe mbali na milango na madirisha, yetu na ya jirani. Haikai ndani ya nyumba, haikai ku baraza, haikai ndani ya depo, hata kama dirisha liko wazi. Tunajua hofu ya wezi. Basi fungeni munyororo ku chuma cha kuzikwa mu udongo, ao mujenge kizimba cha vyuma chenye kupita hewa. Mwizi anakamata mashini. Gazi inakamata mutoto.

Na ninyi vijana wa kuchimba: musishushe kamwe motere ya pompi ndani ya shimo, wala musiiache ku mulango wa shimo. Motere ikae mbali, bomba za maji ndizo ziende chini.

MUTU AKIANGUKA

Zimeni motere, mufungue milango yote, mumutoshe inje haraka bila kukawia ndani. Kama ameanguka ndani ya shimo, musimufwate bila hewa ya kubeba: ndivyo ndugu wawili, watatu wanakufa pamoja. Hopitalini museme wazi: "Alivuta moshi wa motere." Dawa yake ni oksijeni. Na kile kifaa kidogo cha kuweka ku kidole kinaweza kuonyesha namba nzuri ikiwa mutu yuko katika hatari, kwa kuwa hakiwezi kutofautisha gazi hii na oksijeni. Mwenye kujua habari ya motere aiseme, asinyamaze kwa haya.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

Gurupe yetu iko metre ngapi kutoka kitanda cha mutoto? Moshi wake unaelekea kwa nani? Nani mu nyumba anajua kuizima gizani? Na gurupe ya kanisa, nani aliangalia bomba yake mara ya mwisho?

Usiku huu, mbele ya kuvuta kamba, pima ile ya kwanza kwa hatua zako.