Kabla utoe pesa kwa ‘betri inayojichaji’, iwekee balbu kwanza

Wiki jana binamu yangu, mwanaboda, alinipigia simu saa nne usiku. “Buda, nimeona kwa macho yangu. Mita inapanda na hakuna waya popote!”

Kuna jamaa mtaani kwao anayeunda betri kwa vipande vya alumini, makaa na maji ya chumvi. Anasema ikipumzika usiku inajichaji yenyewe. Sasa anatafuta watu wa kuweka pesa, na binamu ana elfu ishirini alizojibana miezi kadhaa akitafuta malipo ya kwanza ya pikipiki ya stima.

Mimi si mhandisi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda. Lakini msimamo wangu ni huu: jamaa huyo si lazima awe tapeli. Huenda alichokiona ni kweli kabisa. Shida ni kwamba amepima kitu kisichojibu swali lake.

Nani hapa hajaona mawe ya redio yakianikwa juani? Shosho aliyatoa, akayapanga kwenye bati, na jioni taarifa ya habari ikasikika tena. Haukuwa uchawi. Mawe hayo ni kizazi cha betri aliyounda Mfaransa Georges Leclanché mwaka wa 1866. Ndani mna zinki, kaboni na unga wa manganizi. Ukivuta stima kwa kasi, mabaki ya kemikali hujazana karibu na unga huo na kuzuia kazi. Ukiyapumzisha, mabaki husambaa. Joto la jua nalo huamsha kemikali. Volti inapanda. Lakini zinki iliyolika haijarudi hata chembe.

Volti ni kama presha kwenye mfereji wa ploti. Asubuhi ukifungua, maji yanaruka kwa nguvu, unashukuru Mungu. Kabla ndoo ijae, kwisha. Presha haikukuambia tangi lina maji kiasi gani.

Nilijaribu hili mwenyewe kwa mita ya bei rahisi niliyonunua Luthuli Avenue. Niliwasha tochi ya mawe mawili hadi ikafifia, nikaizima usiku kucha. Asubuhi kila jiwe lilisoma karibu volti 1.3, hata nikaanza kujiona profesa. Nikawasha tena huku nikihesabu dakika. Siku ya kwanza tochi ilidumu kama dakika ishirini. Ya pili, tisa. Ya tatu, hata chai haikuwa imechemka. Kila asubuhi mita ilinipa matumaini, na kila asubuhi balbu ilinipa ukweli.

Betri ya alumini na makaa ndiyo hudanganya zaidi. Ikipumzika, hewa ya oksijeni inaingia tena kwenye makaa, volti inapanda, na mtu anaapa imejichaji. Kumbe inakula alumini polepole. Ule utando mweupe unaoona ndio mabaki ya mlo huo. Hiyo ni betri halali kabisa, lakini inahitaji chuma kipya, kama jiko linavyohitaji makaa mapya.

Kuna watakaokutajia kengele ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, ambayo imekuwa ikilia tangu 1840 kwa betri zilezile. Ni kweli, ipo. Lakini inatumia mkondo mdogo ajabu, na imefunikwa kwa vioo hata huisikii vizuri. Haijichaji, inatumia kidogo tu. Siku moja itanyamaza.

Kwa hivyo, wewe unayeunda: usiache. Wanaokucheka hawajawahi kufungua hata tochi. Ila pima kwa haki. Weka balbu, andika imewaka dakika ngapi, pumzisha, rudia wiki nzima bila kuongeza chochote. Pima uzito wa alumini kabla ya kuanza, kisha mwishoni ioshe, ikauke, uipime tena. Kama dakika hazipungui na chuma hakipungui, tuite sote tuje tushangae. Kama zinapungua, bado umejifunza kitu ambacho wengi walikariri tu darasani ili wapite mtihani.

Nyinyi wenye funguo za maabara katika vyuo vya ufundi: Jumamosi zile meza ziko bure. Mfungulieni kijana wa mtaani mizani na mita nzuri kwa saa mbili. Afadhali akosee hapo bila gharama kuliko akosee na akiba ya watu kumi.

Na wewe unayeombwa pesa: usikubali kuonyeshwa mita peke yake. Omba balbu iwake usiku mzima mbele yako, na kesho yake, na keshokutwa. Mtu mkweli hatakasirika. Akikuambia ‘bado haijawa tayari kwa mzigo’, basi nawe mwambie pesa zako bado haziko tayari.

Binamu hajaamua. Ana matumaini, na simlaumu, kwa sababu bei ya mafuta inamla kila siku. Jumamosi tunaenda pamoja kwa huyo jamaa. Mimi nabeba balbu na mizani ya jikoni. Zile elfu ishirini nimemwambia aziache nyumbani.