Mlango wa Forodha na Shamba la Alizeti

Wako watu wasemao kwamba bei ya mazao ni kama mvua: huja au hukosa kuja, wala hapana wa kulaumiwa. Wako na wengine wasemao kwamba serikali ikitaka, bei itakuwa kama itakavyo. Mkulima wa alizeti wa Singida, akiwa Iramba, Mkalama au Ikungi, amekwisha kuzipima kauli hizi mbili kwa jasho lake, na zote amezikuta pungufu.

Mwaka 2021 serikali iliichagua mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu iwe mbele katika kilimo cha alizeti. Haja ilikuwa ya haki, maana ni aibu nchi yenye ardhi na jua kununua mafuta ya kula ng'ambo. Watu wakaitika. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na nchi hizo mbili ndizo zinazoongoza kwa kuuza mafuta ya alizeti duniani. Aprili mwaka ule Indonesia nayo ikazuia mawese yake yasitoke kwa majuma kadhaa. Bei ikapaa. Mnunuzi maskini akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Ushuru wa mafuta ya nje ukalegezwa. Kisha bei ya dunia ikashuka, mafuta rahisi yakaingia, na gunia la alizeti likaanguka thamani. Kilio kikahama jikoni kikaenda shambani, na kutoka shambani kikafika bungeni. Mwaka 2023 ushuru ukakazwa tena.

Waziri wa Fedha wa wakati ule, Mwigulu Nchemba, alikuwa mbunge wa Iramba Magharibi. Lau ujirani na mkulima ungalitosha, Singida ingalisalimika. Haikusalimika, kwa sababu bei ya mawese haitungwi Dodoma; hutokana na mashamba makubwa ya Indonesia na Malaysia, na mitaji isiyolijua hata jina la Mkalama. Ushuru wenyewe si wa nchi moja peke yake, kwani umefungamana na Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005.

Lakini uwezo kuwa mdogo si udhuru wa kuutumia vibaya. Singida alizeti hupandwa Desemba na Januari, huvunwa kuanzia Mei, na bajeti husomwa Juni. Basi mkulima hupanda chini ya ushuru mmoja, akauza chini ya mwingine. Serikali haiimiliki bei ya dunia, bali neno lake inalimiliki. Na iutangaze ushuru kabla jembe halijaingia ardhini, ipatane na majirani kuudumisha misimu kadhaa, na mnunuzi maskini ahifadhiwe kwa njia isiyotoboa mfuko wa mkulima, ambaye naye ni maskini.

Amwitaye mtu shambani amefunga ahadi naye, na ahadi ni deni. Deni hilo halilipwi kwa kumwonyesha mdai soko la dunia.