Gari la Familia: Herufi P Isiyosema Kweli

Katika barabara za Uganda na za nchi jirani yapo magari ya familia, kama Toyota HiAce Super Custom, yenye giaboksi ya otomatiki na mkono wa gia uliowekwa kwenye shina la usukani. Dereva auvutapo mkono huo, kishale humwonyesha herufi: P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ya huru, D ya kwenda mbele. Lakini kishale si giaboksi. Kati ya mkono na giaboksi pana fito au kebo, na viungo vyake vina bushi ndogo ambazo hulika kadiri miaka inavyopita. Zikilika, kishale huonyesha P ilhali giaboksi haijafika huko.

Hapo ndipo penye hatari. Katika P, ulimi wa chuma huingia kati ya meno ndani ya giaboksi na kuyazuia magurudumu yasizunguke. Usipoingia sawasawa, gari laweza kuteremka lenyewe, na katika uwanja wa nyumba za askari watoto hucheza nyuma ya magari.

Dalili ni hizi: injini hukataa kuwaka mpaka mkono utikiswe, au huwaka katika N na kukataa katika P; kishale husimama kati ya herufi mbili; mkono hulegea. Hasara nayo haiko mbali. Valvu inayogawa mafuta ikikaa nusu njia, shinikizo hupungua, na klachi za ndani huteleza hadi kuungua.

Kabla ya kurekebisha, gari lisimamishwe mahali tambarare, injini izimwe na ipoe, breki ya mkono ivutwe, na matairi yawekewe mawe mbele na nyuma, kwa kuwa kazi hii huitoa giaboksi katika P. Mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Bushi zilizolika zibadilishwe kwanza. Kurekebisha juu ya bushi mbovu ni kazi bure.

Katika magari mengi ya Toyota, nati iliyo kwenye wenzo wa giaboksi hulegezwa. Wenzo husukumwa hadi mwisho upande wa P, kisha hurudishwa hatua mbili, yaani R halafu N. Msaidizi aliye ndani huweka mkono wa gia katika N na kuusukuma kidogo upande wa R. Akiwa ameushika hivyo, nati hukazwa.

Kisha majaribio. Mguu ukiwa umekanyaga breki, injini iwake katika P na N tu. Ikiwaka katika R au D, gari lisiendeshwe mpaka fundi arekebishe swichi ya giaboksi. Mwisho, kwenye mteremko mdogo usio na watu, gari liwekwe P na breki iachiwe polepole, mguu ukiwa tayari. Lisogee kidogo tu, lisimame.

Hata baada ya hayo, dereva mwangalifu hukanyaga breki, huvuta breki ya mkono, ndipo huweka P. Ulimi mdogo wa chuma haukuundwa ubebe uzito wa gari peke yake.