Usimwombe Mama Apunguze Bei ya Kadi



Jumapili baada ya ibada nilimwona mama mmoja wetu kutoka Kibera amesimama langoni na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kadi za Krismasi alizotengeneza kwa mkono, shilingi 100 kila moja. Ndugu mmoja, tena mwenye gari, akachukua moja, akaigeuzageuza, akasema, "Mama, si haya ni makaratasi tu? Nipe mbili kwa mia." Mama akacheka kile kicheko cha mtu asiye na la kufanya. Akampa.

Sikumkemea. Ningemkemea vipi? Mwaka jana mimi mchungaji wako nilienda kwa kikundi cha kina mama kule Kawangware, nikataka kadi 30 za wazee na wageni wa kanisa. Nikawaambia, "Nifanyieni bei ya mtumishi." Wakanifanyia. Nilifika nyumbani nikijiona nimebarikiwa. Mke wangu akauliza swali moja tu: "Baba, na wao wamebaki na nini?"

Hebu nikueleze kile ulichoshika mkononi ukakiita makaratasi. Mama anazunguka maofisini na kwa wachapishaji wa River Road akiomba karatasi zilizotumika na zile ncha zinazokatwa na kutupwa. Anazichana, anaziloweka usiku kucha, anazitwanga mpaka ziwe kama uji. Uji ule anauteka kwa wavu wa waya uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao, anaukamua, anauanika. Na unajua Nairobi Novemba ni mvua! Karatasi inakaa siku nyingi bila kukauka, katika nyumba ya chumba kimoja, watoto wakiruka juu yake. Ikikauka ndipo anakata, anabandika kipande cha kitenge au ganda kavu la mgomba. Nimeona kadi moja ambayo Mariamu amefunga leso na Yosefu ameshika msumeno. Nimeiweka juu ya meza yangu ya kusomea Neno.

Katika Yohana 6 watu wanakula mikate ya shayiri, chakula cha maskini, wanashiba. Halafu Yesu anaagiza vipande vilivyobaki vikusanywe. Mpendwa, huyu ndiye aliyetoka tu kuizidisha mikate! Kama ni mikate, angeweza kuongeza mingine. Lakini hakutaka masazo yakanyagwe, na wanafunzi wakainama chini wakajaza vikapu 12. Sisi tunapenda kuhubiri muujiza wa kuzidisha. Ule wa kuinama na kuokota tunawaachia kina mama, kisha tunawaambia wapunguze bei.

Kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapishwa kwa biashara ilitoka London mwaka 1843. Mwenye wazo alikuwa Henry Cole, na mchoraji alikuwa John Callcott Horsley. Iliuzwa shilingi moja ya Uingereza, pesa nyingi kwa mfanyakazi wa siku zile. Katikati kuna familia inakunywa divai, hadi mtoto mdogo anapewa (wapinga pombe wa wakati ule walilalamika, na mimi ningelalamika nao). Pembeni, huku na huku, wamechorwa watu wanaolisha wenye njaa na kuwavisha walio uchi. Maskini aliwekwa ukingoni mwa picha, akipokea. Kadi ya Kibera imetengenezwa na maskini mwenyewe, na hakukuombea sadaka, alikutajia bei.

Najua utaniambia, "Pasta, siku hizi ni WhatsApp." Sawa. Krismasi iliyopita nilituma picha moja ya mshumaa kwa watu wote walio kwenye simu yangu. Mjane mmoja mzee akanipigia akauliza kama nilimtumia yeye au nilituma tu. Sikuwa na jibu.

Jumanne nilirudi Kawangware na salio la zile kadi 30, kwa bei yao ya kwanza. Niliwakuta wawili. Wengine wameacha, mmoja siku hizi anasimama barabarani Lavington alfajiri, akingoja wa kumpa nguo za kufua. Aliniachia ujumbe kwa wenzake kwamba hana kinyongo na mtumishi. Hayo maneno yameninyima usingizi siku mbili.

Kwa hiyo Jumapili hii kutakuwa na masanduku mawili mlangoni. La kwanza ni la karatasi nyeupe zilizotumika: daftari za watoto zilizoisha, ratiba za ibada, risiti za ofisini usizozihitaji. La pili ni la karatasi za kung'aa, kalenda za zamani na mabango ya mikutano, maana hizo hazitwangiki vizuri lakini zinakatwa mapambo. Mabati ya kuanikia chini ya paa la jikoni la kanisa nimeshaongea na wazee, wamekubali. Kina mama watakuwa langoni baada ya ibada ya pili. Kadi ni shilingi 100. Beba noti kamili, na ukiwa huna, pita umsalimie tu.