MLANGO MMOJA HAUTOSHI



Kila mwezi vijana wetu wa Kericho, Bomet, Litein na Sotik hufunga masanduku yao kwenda ng'ambo. Wengine waenda kutafuta kazi nchi za Ghuba, wengine masomoni, wengine kushindana mbio, kama alivyokwenda Wilson Kiprugut wa Kericho, aliyeleta medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, Tokyo, mwaka 1964. Wote hawa wana jambo moja la kufanana. Kabla ya kuiona ndege ya ng'ambo, hawana budi kwenda Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 250 kutoka Kericho, na mara nyingi huenda usiku ili wasichelewe. Wazazi wakitaka kumsindikiza mtoto wao, hukodi matatu nzima. Gharama ya siku hiyo peke yake yaweza kumaliza mshahara wa mama mchuma chai.

Na huku Kisumu, mwendo wa kama kilomita 80 tu kutoka Kericho, pana kiwanja cha ndege kinachoitwa cha kimataifa. Eldoret pana kingine. Basi twauliza katika gazeti hili: kwa nini ndege za ng'ambo zisitue huko na kuruka huko, zikachukua watu wetu na mazao yetu moja kwa moja?

Wako watakaosema jambo hili ni la matajiri, haliwahusu wafanyakazi. Twakataa. Tajiri ana gari lake, na akichoka hulala hoteli. Anayeumia ni yule anayesafiri kwa nauli ya kukopa. Tena barabara yenyewe twaijua. Tarehe 30 Juni 2023, pale njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likawaparamia watu waliokuwa wakingoja magari na kufanya biashara zao, na zaidi ya watu 50 wakafa. Hatusemi kwamba kiwanja cha ndege kingewaokoa ndugu wale. Twasema kwamba kila mzigo na kila msafiri anayelazimishwa kupita barabara ile bila sababu anaongeza msongamano na hatari. Sababu ya lazima tutaivumilia. Isiyo ya lazima, kwa nini tuivumilie?

Tena haya tunayoyaomba si mapya. Mwaka 1931, kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilipoanza safari za ndege kutoka London kuja Afrika ya Mashariki, njia yake ilipita Misri na Sudan, ikaja Uganda, ikafika Kisumu, kisha Mwanza. Ndege zile zilitua juu ya maji ya ziwa kama bata. Ndiyo kusema mtu aliweza kuondoka Kisumu kwenda London miaka mingi kabla kiwanja cha Embakasi hakijafunguliwa mwaka 1958. Ni kweli, mwananchi hakupanda ndege zile. Zilikuwa za barua na za wakubwa wa ukoloni. Lakini zatufundisha kwamba Kisumu haikukosa njia ya angani kwa sababu ya mahali ilipo. Njia ilikuwako, ikaondolewa kwa shauri la watu, na kwa shauri la watu yaweza kurudishwa.

Embakasi yenyewe ilijengwa kwa jasho la mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari. Baadaye jengo jipya likafunguliwa mwaka 1978 na kiwanja kikapewa jina la Jomo Kenyatta. Kiwanja hicho ni fahari ya nchi na hatukionei wivu. Lakini nchi kubwa kama hii haifai kutegemea mlango mmoja. Tarehe 7 Agosti 2013 jengo la kupokelea abiria wa ng'ambo pale Nairobi liliungua, na ndege zilizokuwa angani zikageuzwa, nyingine Mombasa, nyingine Eldoret na Kisumu. Siku ya shida viwanja vya kwetu vilifaa. Shida ilipokwisha vikasahauliwa. Tena tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma kupinga mpango wa kukikabidhi kiwanja cha Nairobi kwa kampuni ya Adani ya India, na mpango huo ukafutwa na Rais mwezi Novemba mwaka huo huo. Twawapongeza ndugu wale kwa msimamo wao. Lakini siku ile ya mgomo mtu wa Bomet hakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Ajali, moto au mgogoro ukipata Nairobi, nchi nzima hufungiwa ndani.

Sasa tuangalie kilichopo. Kiwanja cha Eldoret kilifunguliwa mwaka 1997, na njia yake ya kurukia ina urefu wa kama kilomita 3 na nusu. Kiko juu sana, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege nzito inahitaji mbio ndefu kabla ya kunyanyuka. Kiwanja cha Kisumu kiko chini, kando ya ziwa, na njia yake iliongezwa kutoka kilomita 2 hadi kupita 3, kisha mwaka 2012 kikapewa cheo cha kimataifa. Mafuta hayana shida kubwa: bomba la mafuta kutoka Nairobi lilifikishwa Eldoret na Kisumu mwaka 1994. Njia ipo, mafuta yapo, jina lipo. Lakini jina halina mabawa. Msafiri wa Kisumu anayetaka kwenda Entebbe, ng'ambo ya ziwa tu, hupanda ndege ya Nairobi kwanza, kisha arudi alikotoka akipita juu ya kwao. Ni sawa na mtu wa Kericho anayetaka kwenda Kisumu, akaambiwa apite Nakuru kwanza.

Kwa nini iwe hivyo? Yafaa wanachama wajue, maana mtu asiyejua mlango ulipo hupiga ukuta. Ndege ya abiria ya nchi nyingine haiji tu kwa sababu imependa. Kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Chicago mwaka 1944, kila nchi ina amri juu ya anga yake, na ndege za ratiba hazipiti ila kwa ruhusa ya serikali. Kwa hiyo serikali mbili hukaa na kuandikiana mkataba: mashirika gani yatakuja, mara ngapi, na yatatua miji gani. Mji ambao haukuandikwa hautuliwi. Serikali yetu, kwa muda mrefu, imependa ndege za wageni zishukie Nairobi ili shirika letu la Kenya Airways, lililoanzishwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika lile la Afrika ya Mashariki, lisinyang'anywe abiria wake.

Sisi hatutaki ndugu zetu wa Kenya Airways wapoteze kazi. Lakini ulinzi una pande mbili. Ukimlinda mmoja, na mwingine akalipia ulinzi ule miaka nenda miaka rudi, yafaa aulizwe naye anaonaje. Shirika letu likitaka kuruka kutoka Kisumu kwenda ng'ambo, na liwe la kwanza, tutalishangilia. Likiwa haliwezi, lisikalie kiti ambacho halitaki kukikalia.

Swali gumu ni hili: ndege hizo zitajazwa na nini? Hapa tusidanganyane. Chai haitapanda ndege. Chai ni mzigo mkavu, mzito, unaovumilia majuma kadhaa, na chombo chake ni gari la moshi na meli. Maua, maharagwe mabichi na mboga ndiyo mizigo isiyongoja. Ua likikatwa leo, kesho na kesho kutwa lapasa liwe limefika kwa mnunuzi, ama sivyo ni takataka. Kericho ililima maua ya kuuza ng'ambo, na baadhi ya mashamba hayo yakafungwa, wafanyakazi wakarudi nyumbani. Zilikuwako sababu nyingi na hatusemi ni safari ya Nairobi peke yake. Lakini mkulima anayepeleka maua Nairobi kwa lori usiku kucha hawezi kuwa sawa na yule aliye Naivasha. Gharama ya lori yatoka katika mfuko fulani, na mara nyingi mfuko huo ni wa mfanyakazi.

Eldoret yatupa onyo. Kwa miaka mingi ndege za mizigo zimekuwa zikitua pale zikiwa zimejaa bidhaa za madukani kutoka ng'ambo, na mara nyingi zikaondoka hazina kitu ndani. Ndege inayokuja imejaa na kurudi tupu inatupa kazi ya kupakua tu. Inayorudi imejaa ina kazi ya mkulima, ya mchumaji, ya mpangaji maboksi, ya dereva na ya mpakizi.

Sisi watu wa reli twalijua somo hili zamani. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Ilipita Londiani, Lumbwa ambayo sasa ni Kipkelion, na Fort Ternan. Chai ya Kericho ilishushwa Lumbwa kupakiwa katika mabehewa, na palipokuwa na mzigo palikuwa na kazi, na palipokuwa na kazi palikuwa na maduka na shule. Mzigo ulipohamia malori, stesheni zikanyamaza. Njia ile ya Nakuru mpaka Kisumu ikakaa miaka bila gari la abiria, mpaka ilipotengenezwa na gari likarudi mwezi Desemba 2021. Reli bila mzigo huota nyasi. Na kiwanja cha ndege bila mzigo huota nyasi vile vile, hata kama kilifunguliwa na Rais kwa ngoma.

Kwa hiyo, pamoja na kuomba ndege, twaomba mambo haya. Kwanza, Kisumu na Eldoret ziandikwe katika kila mkataba wa ndege unaofanywa au kutengenezwa upya. Pili, tuanze na safari tunazoweza kuzijaza: Entebbe, Mwanza, Kigali, na Addis Ababa ambako msafiri aweza kubadili ndege kwenda Ghuba, Ulaya na Marekani. Hatuombi London kesho asubuhi. Tatu, vijengwe vyumba vya baridi, na wakaguzi wa mimea na watu wa forodha na uhamiaji wawe pale pale usiku na mchana, ili boksi la maua likaguliwe Kisumu lisipelekwe Nairobi kutafuta muhuri. Nne, kazi zote zitakazotokea ziwe kazi za mkataba, zenye likizo na matibabu, na wafanyakazi wawe huru kujiunga na chama. Hatutaki kibarua cha siku moja kivikwe nguo safi na kuitwa maendeleo.

La nne ndilo lililotufanya tuandike. Wanachama wanajua mashine za kuchuma majani zimefanya nini. Mwaka 2023 baadhi yake zilichomwa moto hapa Kericho. Chama hakifundishi watu kuchoma mali. Lakini hasira ile ilikuwa na sababu: mashine moja hufanya kazi ya watu wengi, na wale watu wengi hawakuonyeshwa pa kwenda. Vijana wao ndio hao wanaofunga masanduku. Twataka ndege iliyo karibu iwasaidie wanaosafiri, lakini zaidi twataka iwape wengine sababu ya kutosafiri.

Wanaosema mji usio mkuu hauwezi, waangalie jirani. Tanzania ilifungua kiwanja cha Kilimanjaro mwaka 1971, kati ya Moshi na Arusha, na ndege za Ulaya hutua pale bila kupitia Dar es Salaam kwanza. Wao wana mlima na watalii; sisi tuna mashamba na watu wa nchi nzima ya magharibi, kutoka Bomet na Kisii mpaka Kakamega. Tena waangalie chai yetu wenyewe. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956. Mwaka 1969 ulihamishiwa Mombasa, karibu na meli. Nairobi haikufa kwa kuukosa mnada, wala haitakufa kwa kukosa ndege chache.

Basi, ndugu, haifai kungoja. Kila katibu wa tawi aandike katika mkutano ujao: ni wanachama wangapi wana mtu ng'ambo, walitumia kiasi gani kufika Nairobi, na mashamba yao yanatoa mazao gani yasiyongoja. Tukikusanya hesabu hizo kutoka matawi yote, tutazipeleka kwa wabunge wetu na magavana wa Kericho, Bomet na Kisumu, tuwaulize wanasema nini. Mbunge aweza kuyapuuza malalamiko, lakini hesabu yenye sahihi za wapiga kura wake ataisoma mara mbili. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nairobi ni ndugu yetu, lakini tumemtegemea vya kutosha.

Umoja ni nguvu.