Karite bila ndimu

Kiangazi kimeingia Bunia. Sisi walimu tunakiona darasani kabla ya kalenda: magoti ya watoto ni meupe kama yamepakwa chaki, midomo imepasuka. Wiki iliyopita mama mmoja alitufuata mlangoni na binti yake, uso una malengelenge, shavuni doa jeusi. "Mwalimu, nilimpakaa karite tu." Tulipouliza vizuri, tukasikia kwamba ndani ya karite alikamua ndimu mbili na kuchanganya pomadi ya kung'arisha, ili mtoto apate rangi nzuri. Tulimtuma kwanza kituo cha afya.

Karite haikuwa na kosa. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, yanaunguza, na doa linaweza kukaa miezi. Pomadi za kung'arisha ni hatari zaidi. Nyingine zina hidrokinoni, nyingine kortizoni kali, nyingine zebaki, inayoingia mwilini na kuumiza figo. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha asiziguse. Na siagi ya mmea haibadilishi rangi ya mtu. Inazuia tu maji yasitoke kwenye ngozi. Ndiyo maana tunapakaa mara baada ya kuoga, mwili ungali na unyevu. Ukipakaa ngozi iliyokwisha kukauka, unang'aa tu.

Karite ya upande wa Aru ni laini kuliko ile ya Afrika ya Magharibi, inayeyuka mkononi. Sisi tunaweka vijiko vinne vya supu kwenye bakuli, na bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya makala. Ikiyeyuka, tunaongeza kijiko kimoja cha mafuta ya kokwa za ngazi na kukoroga mpaka ipoe. Siagi ya kakao ingeigandisha vizuri, lakini kakao ya Mambasa na Beni inaondoka kwetu ikiwa mbegu kavu, na siagi yake inaturudia ndani ya vikopo vya bei kali! Basi tunaacha.

Usitie maji, asali wala utomvu wa aloe, maana vitaleta ukungu. Kopo liwe kavu, kijiko kikavu, na vikae kivulini. Ikinuka kama karanga za zamani, tupa. Kabla ya kumpakaa mtoto mwili mzima, jaribu kidogo ndani ya kiwiko na ungoje siku moja. Kwa mtoto mchanga, usiguse kitovu.

Kwa nywele, pakaa kidogo zikiwa na unyevu, hasa kwenye ncha, kisha suka. Lakini nywele za kipaji zilizong'olewa na misuko ya kukaza, karite haitazirudisha. Binti akilala analia kichwa, fungua usiku uleule. Ukiona mabaka ya mviringo ambapo nywele zinakatika, hiyo ni kazi ya muuguzi.

Yule mama alituuliza afanye nini na pomadi iliyobaki. Aliinunua kwa pesa ya likelemba. Tulimwambia asimpe jirani. Binti bado anakuja na kofia, na wakati wa mapumziko tunamwacha akae chini ya mti wa avoka.