Saikolojia ya kazi iwafikie na wabeba magunia

MPUNGA wa Ilemba ukishavunwa, fedha yake huwa imekwishagawanywa: deni la mbolea, bati za nyumba na, kwa familia yenye kijana aliyefaulu kidato cha sita, gharama za chuo. Mzazi ana haki ya kuuliza shahada anayoitaka mwanawe itamfikisha kwenye kazi gani. Swali hilo huwa zito zaidi kijana anapotaja fani isiyozoeleka katika Bonde la Ziwa Rukwa, yaani saikolojia ya kazi.

Wengi wakisikia neno saikolojia hufikiria wagonjwa wa akili. Fani hii ni nyingine. Inachunguza namna ya kumpata mtu anayefaa kwa kazi fulani, namna ya kumfundisha, kumlipa, kumpumzisha na kumsikiliza ili kazi iende na yeye asiumie. Anayeisoma hujifunza takwimu, kuandaa usaili, kupima utendaji, kuchunguza chanzo cha ajali na kusuluhisha migogoro.

Sisi tunaiona kuwa elimu yenye faida, na ushahidi upo. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Wenye viwanda waliamini kuwa saa nyingi huleta mali nyingi. Uchunguzi ulionyesha kuwa saa zilipopunguzwa, uzalishaji haukushuka kama walivyohofia, na mahali pengine ulipanda. Mtu aliyechoka huharibu kazi, hukosa siku na huumia.

Mfano wa pili unawahusu wasafirishaji. Katika miaka ya 1970, huko Oklahoma, Marekani, madereva wa malori ya magogo walikuwa wakipakia takriban asilimia 60 tu ya uzito unaoruhusiwa kisheria. Kuwaambia wajitahidi hakukusaidia. Watafiti Gary Latham na James Baldes walipowapangia lengo moja lililo wazi, asilimia 94, mzigo ulipanda hadi kukaribia asilimia 90 na kubaki hapo kwa miezi. Hawakuongezwa mshahara, na hayakununuliwa malori mapya.

Sasa turudi Ilemba. Mazao ya huku hupanda ukuta wa Lyamba lya Mfipa kwa barabara ya Kalambazite kuelekea uwanda wa juu. Kila hatua ya safari hiyo ina mikono ya watu: vibarua wa kupalilia wanaolipwa kwa kipande, waendesha mashine za kukoboa, wabeba magunia, mtunza ghala, karani wa mizani na dereva wa lori. Tukizungumzia kilimo cha biashara tunataja mbegu, mbolea, trekta na barabara. Ni nadra kumtaja karani wa mizani aliyepewa kazi kwa sababu ni mpwa wa mwenyekiti, au kibarua anayepakia tangu alfajiri hadi usiku na kuvunjika mguu kwenye gunia la mwisho.

Hasara za namna hiyo haziandikwi kwenye daftari. Mchele uliokatika kwa sababu mwendesha mashine hakufundishwa husingiziwa unyevu wa mpunga. Upungufu wa magunia ghalani huitwa wizi, hata pale makarani wawili walipokabidhiana zamu bila kuhesabu. Mwanachama wa ushirika aliyeacha kuleta mazao huitwa mkaidi, na hakuna anayemuuliza kwa nini amekata tamaa. Mtaalamu wa saikolojia ya kazi amefundishwa kuuliza maswali hayo, kupima majibu, kisha kupendekeza dawa. Dawa yenyewe mara nyingi ni rahisi: maswali yaleyale kwa waombaji wote wa kazi badala ya maongezi ya kufahamiana, fomu moja ya makabidhiano, saa ya kupumzika.

Saa hiyo ya kupumzika si hisani ya tajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi. Sheria tunazo. Wanaokosekana ni watu wa kuzigeuza kuwa utaratibu wa kila siku kwenye mashine na ghala.

Hata hivyo, hatutaki mzazi auze mpunga kwa matumaini matupu. Shahada ya kwanza mahususi ya fani hii ipo jirani, Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda, ambako saikolojia ya viwanda na taasisi husomwa kwa miaka mitatu. Hapa nchini njia iliyozoeleka ni kupitia fani za karibu, kama usimamizi wa rasilimali watu katika Chuo Kikuu Mzumbe, au saikolojia kwa upande wa elimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayekwenda nje ahakikishe kwanza Tume ya Vyuo Vikuu inaitambua shahada yake, na asihesabu mkopo ambao hajauthibitisha.

Lipo pia jambo ambalo matangazo ya vyuo hayalisemi kwa sauti. Shahada ya kwanza peke yake haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia kamili wa kazi. Afrika Kusini na Uingereza, kwa mfano, humtaka asome shahada ya uzamili na kufanya kazi chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa. Mwenye shahada ya kwanza huanza kama ofisa rasilimali watu, mkufunzi, ofisa wa usalama kazini au msaidizi wa utafiti. Kijana alijue hilo mapema, asije akarudi nyumbani akidai cheo ambacho hakuna aliyemwahidi.

Kwa sababu hiyo tunatoa rai kwa pande tatu. Vyuo vyetu viipe fani hii nafasi yake, na mafunzo ya vitendo yasiishie kwenye ofisi zenye viyoyozi za Dar es Salaam. Mwanafunzi akae msimu mmoja wa mavuno kwenye ghala la ushirika au mashine ya kukoboa, ahesabu ajali, saa na hasara, kisha aandike ripoti ambayo mwenye mashine ataielewa. Halmashauri na vyama vya ushirika vifungue milango kwa wanafunzi hao, kwani ripoti ya namna hiyo huwagharimu kidogo na inaweza kuokoa magunia mengi.

Kwa kijana wa Ilemba, rai yetu ni kwamba asiichague shahada kwa uzuri wa jina lake. Kabla ya kujaza fomu aende mashineni, akae siku nzima, aandike matatizo matatu ya watu na kazi aliyoyaona, kisha aangalie kama masomo ya chuo anachokitaka yatamfundisha kuyatatua. Yakiwa yanafundisha, mzazi ana sababu ya kuuza gunia. Kama hayafundishi, atafute chuo kingine au fani nyingine mapema, kwani ada ikishalipwa hairudi, na mpunga wa mwaka huo ndio huo.